Msiri wa Bunkeya: alikuwa na shaba, alikosa baruti

Hapa kwetu Bungulu, mtoto anaweza kutoka masomoni na ganda la risasi mkononi, sawa vile angeokota kifuniko cha chupa. Tangu mwaka 2014 mji wa Beni na vijiji vyake vimesikia milio mingi, na lile ganda la rangi ya njano si kitu kigeni tena kwa macho yetu. Tuseme kwanza neno moja kwa wapapa na wamama: ganda tupu ni kitu kimoja, kartushi yenye haijapigwa ni kitu kingine. Hiyo ya pili haiguswi, haigongwi nyundo, haitupwi motoni. Mtoto aite mtu mukubwa, na mukubwa aende kutoa habari kwa watu wa leta.

Lakini leo tunapenda kuliangalia lile ganda kwa jicho la mchimbaji. Mchimbaji akiona kitu cha metali, swali lake la kwanza ni moja: hii imetoka katika jiwe gani? Jibu ni kwamba ganda la kawaida la kartushi ni mchanganyiko wa metali mbili. Katika kilo 100 zake, karibu kilo 70 ni shaba na karibu kilo 30 ni zinki. Na sisi Wakongomani tukisikia neno shaba, mawazo yanaenda moja kwa moja Katanga, inchi yenye kwa miaka mingi, wakati wa Mobutu, ilibeba jina lenyewe la Shaba.

Sasa, mbele ya kampuni, mbele ya gari la moshi, mbele ya Wabelgiji, kulikuwa mtu mmoja mwenye alishika ile shaba yote mkononi mwake. Jina lake ni Msiri. Wengi wetu tulisikia jina hilo masomoni, kisha tukalisahau. Tulirudilie leo, juu maisha yake yanagusa kila mtu mwenye anachimba kitu ardhini na kukiuza kwa mtu mwenye anatoka mbali.

KIJANA WA USUMBWA

Msiri hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika inchi ya Wasumbwa, upande wa magharibi wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Jina lake la ujana lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa biashara. Alikuwa anapita Ziwa Tanganyika na watu wake, anaenda kutafuta shaba kwa Wasanga, anarudi nayo kwao kwa kuiuza. Kwa hiyo huyu mtoto alikomaa katika msafara. Alijua uzito wa mzigo, alijua bei, alijua ginsi ya kusalimia chefu wa kigeni mbele ya kufungua biashara.

Karibu na mwaka 1856, Ngelengwa alirudi Katanga na kundi lake mwenyewe, na safari hii hakurudi nyuma. Huko alikuta machefu wa zamani. Mmoja aliitwa Katanga, njo mwenye aliachia inchi nzima jina lake. Mwingine alikuwa Mpande, mukubwa wa Wasanga, na huyo alikuwa na shida na Waluba wenye walikuwa wanamshambulia.

Ngelengwa alikuwa na kitu chenye Mpande hakuwa nacho: bunduki. Hazikuwa nyingi. Lakini mahali penye watu wanapigana kwa mikuki na mishale, bunduki chache zinatosha kubadilisha vita, hata kwa kelele na moshi tu. Waluba walirudishwa nyuma. Mgeni akapata heshima, akapata ardhi, akapata wanawake wa kuoa katika familia za wakubwa. Pole pole, kwa ndoa, kwa urafiki na kwa nguvu, yule mwenye alikuja kama mfanyabiashara akawa mwenye inchi. Watu wake waliitwa Wayeke, na ufalme wake ukaitwa Garenganze. Yeye mwenyewe akachukua cheo cha Mwami, na jina lenye lilienea kila upande likawa Msiri.

WALAJI WA SHABA

Hapa tunapenda tuwakumbuke wachimbaji wenyewe, juu mara nyingi historia inataja wafalme na kuwasahau wenye walishuka katika shimo.

Msiri hakufundisha mtu wa Katanga kuchimba shaba. Kazi hiyo ilikuwa ya zamani sana, karne nyingi mbele yake. Wasanga walikuwa na jina la kujivuna: walijiita walaji wa shaba, maana yake watu wenye wanaishi kwa shaba. Shaba yenyewe waliiita mukuba. Kazi ilianza wakati wa kiangazi, mavuno yakishaisha na maji yakishapungua katika mashimo. Jiwe walilotafuta lilikuwa la kijani, malakiti, na mtu mwenye jicho lilikuwa linamwambia kutoka mbali kilima kipi kina mukuba, hata kwa kuangalia tu kilima chenye miti haioti.

Jiwe lilichimbwa kwa chuma na kwa mikono, likachaguliwa, likasafishwa, likabebwa mpaka penye kuna kuni na udongo wa kichuguu. Kwa udongo huo walijenga tanuru. Makaa chini, jiwe juu, na mivukuto ya ngozi ya nyama ikapuliza hewa bila kupumzika. Kazi ilikuwa na fundi wake mukubwa, na fundi huyo alikuwa na miiko yake, na vijana walifuata amri yake sawa vile leo watu wa shimo wanafuata PDG wao. Mwishowe shaba ilitiririka kama maji mekundu na kumiminwa katika udongo wenye umechorwa msalaba. Ile misalaba ya shaba njo ilikuwa feza ya inchi. Kwa msalaba mtu alioa, kwa msalaba alilipa deni.

Wayeke waliongeza kitu chao. Walikuwa mafundi wakubwa wa kuvuta waya. Walichukua fimbo ya shaba, wakaipitisha kwa nguvu katika tundu la chuma, kisha katika tundu ndogo zaidi, kisha ndogo tena, mpaka waya ukawa mwembamba karibu na unywele. Kwa waya huo walitengeneza bangili za miguu na za mikono zenye zilipendwa mbali sana. Tuweke hii habari ya waya pembeni. Tutairudilia.

BUNKEYA NA NJIA ZAKE MBILI

Mji mukubwa wa Msiri ulikuwa Bunkeya, katika bonde upande wa kaskazini-magharibi wa Lubumbashi ya leo. Wazungu wa kwanza wenye walifika, kati yao Mjerumani Paul Reichard na Wareno Capello na Ivens, wote mwaka 1884, walikuta mji wa maelfu ya watu na soko lenye lugha za kila upande. Mwaka 1886 akafika misionere Frederick Arnot, Mskoti, na Msiri akamuacha akae.

Nguvu ya Bunkeya ilikuwa katika njia mbili. Njia ya mashariki ilipita Ziwa Tanganyika na Tabora mpaka pwani ya Waswahili na Zanzibar. Njia ya magharibi ilienda mpaka Bihé, katika Angola ya leo, na kutoka Bihé mpaka bahari ya Atlantiki. Kuna wafalme wengi wenye walikuwa na njia moja. Msiri alikuwa na mbili, na kwa hiyo mfanyabiashara wa upande mmoja hakuweza kumfunga mikono kirahisi. Hata mmoja wa wake zake wakubwa, Maria de Fonseca, alitoka katika familia ya biashara ya upande wa Angola. Ndoa hiyo ilikuwa pia mkataba.

Kwa njia hizo zilitoka shaba, meno ya tembo na chumvi. Zilitoka pia watu. Hatutaficha hiyo. Msiri aliuza watumwa, na wengi. Majeshi yake yalivamia majirani na kurudi na wanawake na watoto wenye walifungwa. Wageni wenye walifika kwake walieleza mafuvu ya watu yenye yalitundikwa juu ya miti mbele ya boma. Kuna wazee wenye wanamsifu leo kama shujaa wa kukataa wazungu, na hiyo kweli iko. Lakini Msanga au Mlamba mwenye babu yake alipelekwa Bihé na kamba shingoni ana kweli yake pia. Zote mbili zinakaa katika maisha ya mtu mmoja.

Na kwa njia hizo hizo ni kitu gani kilikuwa kinaingia? Nguo, shanga, na zaidi ya yote bunduki na baruti.

RISASI ZA MUKUBA

Tufike sasa kwenye kiini cha hii habari.

Bunduki zenye zilifika kwa Msiri zilikuwa karibu zote za zamani, za kujazwa kwa mdomo. Mtu alimimina baruti, akasukuma kitambaa au majani, akasukuma risasi, na jiwe la moto likalipua. Ilikuwa bunduki ya pole pole, lakini ilikuwa na uzuri mmoja kwa watu wenye wanakaa mbali na kiwanda: haikuchagua sana. Haikuomba risasi ya kipimo kimoja. Fundi wa kijiji aliweza kuitengeneza kwake nyumbani.

Katika Kiswahili cha pwani, risasi ni jina la ile metali nzito na laini yenye wazungu walitumia kwa kazi hiyo, na jina la metali likawa jina la kitu chenyewe. Lakini Katanga walikuwa na mukuba, na mafundi wakaitumia. Waliyeyusha shaba yao, wakaimimina, wakapata risasi za shaba. Mchimbaji, tanuru, fundi na askari wote walikuwa wa inchi moja. Kwa upande huo Msiri hakuhitaji mtu.

Wakati ule ule, Ulaya na Marekani zilikuwa zimebadilisha mchezo. Kufika miaka ya 1870, majeshi yao yalikuwa yanatumia kartushi: risasi, baruti na kilipuzi, vyote vimefungwa pamoja katika ganda moja la metali. Askari anafungua bunduki kwa nyuma, anaingiza, anafunga, anapiga. Hakuna kumimina, mvua haimsumbui, na anapiga mara nyingi wakati mwenye bunduki ya zamani bado anasukuma kitambaa.

Na lile ganda, limetengenezwa ginsi gani? Kiwanda kinachukua kisahani cha shaba yenye imechanganywa na zinki, kinakisukuma katika tundu mpaka kinakuwa kikombe. Kikombe kinavutwa katika tundu jembamba zaidi, kisha jembamba tena, mpaka kinakuwa mrija mrefu. Kila mara metali inakuwa ngumu na inataka kupasuka, na kila mara inarudishwa motoni ili ilainike. Msomaji anaona tunapokwenda. Ni akili ile ile ya mvuta waya wa Kiyeke: tundu, kuvuta, moto, tundu ndogo zaidi. Shaba ina tabia moja, ikivutwa Birmingham au ikivutwa Bunkeya.

Ni tabia hiyo hiyo yenye inafanya ganda liweze kutumika tena. Huko Marekani, mpaka leo, kuna wawindaji wenye wanachukua ganda la kawaida la kiwanda, wanalilainisha shingo kwa moto, wanalisukuma katika kipimo kipya, na wanapata kartushi ya aina yenye hakuna kiwanda kinaiuza. Wanafanya hiyo kwao nyumbani, kwa vyombo vya kupima sawasawa, na kwa ruhusa ya sheria ya kwao. Sudani, wakati wa utawala wa Mahdi na wa Khalifa wake, mafundi wa Omdurman waliokota maganda ya bunduki za Remington na kuyajaza tena. Lakini baruti yao ya kienyeji ilikuwa dhaifu, na risasi haikwenda mbali.

Omdurman inatuonyesha kwamba metali peke yake haitoshi. Ganda linaweza kuokotwa, shaba inaweza kuyeyushwa, lakini bila baruti nzuri na bila kilipuzi, bunduki inabaki fimbo. Msiri alikuwa na metali kushinda wote. Baruti yake ilitoka kwa watu wengine.

NJIA ZINAFUNGWA

Mfalme mwenye nguvu yake inapita njiani anaanguka siku njia inafungwa. Kwa Msiri njia zilifungwa pande zote karibu wakati mmoja.

Kwanza nyumbani. Wasanga, wenye inchi wa zamani, walichoka. Mwanamke mmoja wa Kisanga, Masengo, aliuawa na watu wa Msiri, na kifo chake kikawasha moto wenye ulikuwa unangoja. Wasanga wakajificha katika milima na mapango, wakavamia misafara, wakachoma vijiji. Kufika mwaka 1891 njia za kwenda Bunkeya hazikuwa salama tena. Wenye walikuwa wanajua mashimo ya mukuba kushinda wote sasa walikuwa maadui.

Pili upande wa magharibi. Mwaka 1890 Wareno waliingia Bihé kwa vita na kumkamata mfalme wake, Ndunduma. Misafara yenye ilikuwa inaleta baruti ikavurugika.

Tatu, kitu chenye Msiri hakuweza kukiona kutoka Bunkeya. Mwezi wa saba mwaka 1890, serikali za Ulaya, na nyingine pamoja nazo, zilitia sahihi mkataba huko Bruxelles. Mkataba ulisema ni wa kumaliza biashara ya watumwa, na kweli biashara hiyo ilistahili kumalizwa. Lakini ndani yake mlikuwa pia sheria ya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka bahari moja mpaka nyingine, ilikatazwa kuingiza bunduki mpya na kartushi zake, isipokuwa kwa wenye serikali zile ziliruhusu. Bunduki za zamani za jiwe la moto na baruti yake ya biashara ziliweza kuruhusiwa, chini ya ulinzi. Kwa maneno mengine, Mwafrika aweza kubaki na bunduki ya babu, na mzungu abaki na kartushi.

Kwa hiyo mwaka 1891 Msiri alikuwa mtu wa miaka karibu 60, na vita nyumbani, na baruti inapunguka gudulani, wakati wageni wanapanga mstari mlangoni.

WAGENI WATATU NA WA NNE

Wa kwanza alikuwa Mwingereza Alfred Sharpe, mwishoni mwa mwaka 1890. Alitaka Msiri aweke alama kwenye karatasi. Msiri alikataa, na Sharpe akarudi mikono mitupu. Wa pili alikuwa Paul Le Marinel, wa Leta ya mfalme Léopold, mwezi wa nne mwaka 1891. Msiri alimpokea, akamruhusu ajenge posti kwenye mto Lofoi, lakini hakukubali bendera. Wa tatu alikuwa Alexandre Delcommune, mwezi wa kumi mwaka ule ule. Naye alikataliwa.

Wa nne alikuwa kapiteni William Stairs, na huyu watu wa Beni wanastahili kumjua. Stairs alikuwa mzaliwa wa Halifax, Kanada, askari wa Uingereza. Miaka michache mbele alikuwa amepita kwetu pamoja na Stanley, katika ule msafara wa kumtafuta Emin Pasha. Mwaka 1887, katika pori la Ituri, alipigwa mshale wa sumu kifuani na hakufa. Mwezi wa sita mwaka 1889, wakati msafara uko katika bonde la Semliki, yeye njo alitumwa kupanda Ruwenzori, akafika zaidi ya mita 3.000 kabla ya kurudi. Mlima wenye tunauona kutoka Beni asubuhi mawingu yakifunguka, huyu mtu aliukanyaga.

Kazi yenyewe ya ule msafara inastahili kukumbukwa. Moja ya mizigo mikubwa yenye wapagazi walibeba katika pori letu, wakifa kwa njaa na magonjwa, ilikuwa masanduku ya kartushi za Remington za kumpelekea Emin. Hivyo njo bei ya kartushi ilivyokuwa mahali penye hakuna kiwanda: watu walikufa ili ifike.

Sasa mwaka 1891 Stairs alikuwa anafanya kazi kwa Compagnie du Katanga, kampuni mpya yenye ilianzishwa kwa faida ya Léopold. Alitoka pwani mwezi wa saba na watu mamia, wenye bunduki za kujazwa nyuma, na tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili aliingia Bunkeya. Alikuta mji wenye njaa. Vita ya Wasanga ilikuwa imeharibu mashamba.

TAREHE 20, MWEZI WA KUMI NA MBILI

Kwa siku chache walizungumza. Msiri alijaribu akili yake ya zamani, ile ya njia mbili: kumweka Mwingereza upande huu na Léopold upande ule, asimpe mtu mlango wote. Alikuwa ameandikisha barua ya kumwita Sharpe arudi. Barua hiyo ilianguka mikononi mwa Stairs njiani. Akili ya njia mbili haifanyi kazi kama mtu mmoja anashika njia zote.

Stairs hakungoja tena. Alipandisha bendera ya Leta juu ya kilima bila ruhusa ya Mwami. Usiku, Msiri aliondoka Bunkeya na kwenda Munema, kijiji chenye boma la nguvu, si mbali. Asubuhi ya tarehe 20, Stairs aliwatuma Omer Bodson, Mbelgiji, na mwenzake Mfaransa, de Bonchamps, pamoja na askari karibu mia, wamlete.

Bodson aliingia katika boma na watu wachache. Alimkuta Msiri amezungukwa na askari wake. Maneno yakawa makali, Msiri akashika upanga, na Bodson akatoa bastola na kumpiga. Mwami akaanguka palepale. Katika sekunde zilezile mtu wa upande wa Msiri akampiga Bodson, na Bodson akafa kabla siku haijaisha.

Kichwa cha Msiri kilikatwa. Mpaka leo Wayeke wanauliza kilienda wapi, na kuna habari nyingi za kupingana. Tunajua tu kwamba mwili ulirudishwa kwa watu wake wauzike, na kwamba mtoto wake, Mukanda Bantu, alikubaliwa na wageni kuwa mukubwa, juu ya sehemu ndogo tu ya inchi ya baba yake.

Washindi nao hawakufurahi sana. Njaa na magonjwa ziliingia katika kambi, wapagazi wengi wakafa, na Stairs mwenyewe akafa kwa malaria mwezi wa sita mwaka 1892, kwenye mdomo wa mto Zambezi, mbele ya kufika nyumbani. Alikuwa na miaka 28.

SHABA INATOKA, KARTUSHI INARUDI

Miezi michache kisha kifo cha Msiri, Jules Cornet, mtu wa elimu ya mawe, alipita katika milima hiyo na nyundo yake na kuandika kila mahali penye kuna shaba. Mara nyingi hakuwa na lazima ya kutafuta. Alionyeshwa mashimo ya walaji wa shaba. Kaburi la kazi ya wazee likawa karta ya kampuni.

Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 gari la moshi likafika Élisabethville, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuru la Lubumbashi. Mawe yalitoka Étoile du Congo, mahali penye wenyeji walipaita Kalukuluku na kupachimba tangu zamani. Miaka mitatu tu kisha, vita kubwa ya Ulaya ikaanza, na shaba ya Katanga ikabebwa kwenda kutengeneza silaha na masasi. Ikawa vile tena katika vita ya pili, na hata uraniamu ya Shinkolobwe iliingia katika bomu lenye liliangukia Hiroshima mwaka 1945.

Tuone basi mzunguko wenyewe. Katika wakati wa Msiri, shaba ilichimbwa Katanga, ikayeyushwa Katanga, ikawa waya Katanga, ikawa feza Katanga, ikawa hata risasi Katanga. Kisha yeye, shaba ilianza kutoka kama mzigo na kurudi kama kitu kilichokamilika, na kati ya kutoka na kurudi bei ilikuwa imepanda mara nyingi. Moja ya vitu vyenye vilirudi ni lile ganda la njano lenye mtoto anaokota njiani. Hatuwezi kusema shaba ya ganda hili moja ilitoka mlima upi. Metali ikishayeyuka haina kitambulisho. Lakini tunajua ni akili gani ililivuta, na tunajua akili hiyo ilikuwa Bunkeya pia.

Kwa wachimbaji wa dhahabu wa upande wetu, wenye wanashinda ndani ya maji mpaka magotini na jioni wanakaa mbele ya mzani wa mwingine, maisha ya Msiri hayaombi tumpende. Alikuwa mukali, aliuza watu, na alipokufa wengi katika inchi yake walipumua. Yanaomba tuone kosa lenye lilimuangusha. Alifikiri kwamba mwenye shimo njo mwenye nguvu. Kwa miaka 30 na zaidi ilionekana ni kweli. Kumbe nguvu ilikuwa kwa mwenye anashika kile chenye shimo haliwezi kutoa: baruti, njia, karatasi, na leo tungeongeza mzani na bei.

Mafundi wake walijua kuvuta shaba mpaka ikawa kama unywele. Kama wangepewa miaka, na amani na Wasanga, na mtu wa kuwafundisha ile sehemu yenye ilibaki, hatujui wangefika wapi. Hawakupewa. Walizimwa tanuru zao, na wajukuu wao wakaajiriwa kubeba mawe.

Kwa hiyo papa, mama, mtoto akileta lile ganda nyumbani, mkishahakikisha ni tupu kweli, msimpigie tu kelele. Mwambieni ni metali gani, na inchi gani inayo. Kisha mumwambie arudi masomoni, juu ile sehemu yenye ilimkosa Msiri inafundishwa huko.